Ndimu Nne Chini ya Javelin

Sehemu ya kumi na nne

Time alikuwa ameshika pembe ya turubai, na nyuma yake ufunguo ukazunguka kwenye kitasa. Mlango wa garaji umefungwa kwa ndani, na aliyeufunga yumo ndani.

Hapo ndipo nilipowaacha Jumapili iliyopita, nanyi mkanitukana. Mama mmoja kaniandikia kuwa sina utu. Sawa, mama, sina. Ila niacheni nimkumbushe kwa haraka yule aliyekosa gazeti, kisha tuingie kazini, maana leo kuna watu hawatatoka salama.

Miraji, mume wa Time, fundi wa Kipemba mwenye garaji lake Thornton Heath, kusini mwa jiji kuu la Waingereza, leo ni siku ya kumi yuko hospitali, hasemi wala hafumbui macho. Alipigwa chuma cha kichwa garajini mwake, na Javelin yake ikaibwa. Javelin ya mwaka sabini na moja, gari la Kimarekani ambalo miaka na miaka watu walilifanyia mzaha. Wenye fedha walitaka Mustang, na Javelin zikaachwa zioze mashambani. Miraji aliinunua kama chuma chakavu, akaijenga upya kwa miaka kumi na moja, mkewe akimshonea viti kwa cherehani yake. Sasa matajiri wamechoka kukutana na Mustang zilezile kwenye kila maonyesho. Wamegeuka wanayasaka yaliyodharauliwa, na kile chuma chakavu cha Miraji kina bei ya nyumba.

Asubuhi ile ya balaa, Miraji akiwa ameshapelekwa hospitali, Time alikuta ndimu nne zimepondeka sakafuni, moja huku, moja kule. Hakushtuka. Miraji akimaliza kazi hunawa grisi kwa ndimu na sukari, kama mafundi wote wa kwao. Tena polisi walikuwa njiani, na Time ni mwanamke asiyepokea wageni penye uchafu. Akafagia. Akapiga deki, damu na maganda yakaenda pamoja. Wapelelezi walipofika walikuta sakafu inang'aa, wakatazamana.

Jumamosi hii, saa tisa mchana, amekwenda Harrow, kaskazini mwa jiji, kuomba msaada kwa Mansukh, mzaliwa wa Tanga, mshirika wa mumewe, ndiye aliyekuwa akiagiza vipuri kutoka Marekani. Akamkuta mbele ya nyumba na gari dogo jipya alilomnunulia bintiye Hina, anapanga ndimu chini ya magurudumu. Kila tairi na ndimu yake. Gari likiondoka mara ya kwanza lizikanyage, na husuda yote ikanyagwe nazo.

Tairi nne, ndimu nne. Time akakiweka chini kikombe cha chai alichokaribishwa. Akaomba kwenda msalani, akapitia mlango wa ubavuni hadi garajini, akakuta gari limefunikwa turubai.

Sasa mmeelewa. Twende.

"Shemeji," Mansukh alisema. "Chai yako inapoa."

Alikuwa na shati jeupe la sherehe na alama nyekundu kwenye paji la uso. Mkononi alikuwa na wili spana, chuma kirefu cha kufungulia nati za tairi.

Time alivuta turubai lote likadondoka.

Rangi ya chungwa bivu. Mistari myeusi ubavuni. Na ndani, viti alivyovishona yeye mwenyewe, uzi kwa uzi.

"Kaka Mansukh. Gari la mume wangu linafanya nini kwako?"

"Nalitunza."

"Lina mtunzaji wake. Umemlaza kitandani hasemi."

"Mtunzaji!" Mansukh akapandwa. "Milango hii aliileta nani kutoka Ohio? Taa hizi nani alizitafuta miaka miwili? Mimi! Nililicheka, ndiyo, wote tulilicheka. Kisha mwaka jana nikaliona kwenye maonyesho, watu wazima wamelizunguka, wengine machozi yanawatoka. Tangu siku ile sikupata usingizi. Na mumeo anataka kumuuzia Mswisi! Mswisi, shemeji! Alifungie ghalani asilione mtu!"

"Kwa hiyo ukamponda kichwa."

"Sikutaka aumie."

"Ukamponda kichwa, halafu ukapanga ndimu!"

Mansukh alishtuka. Alitazama chini kana kwamba zile ndimu bado ziko miguuni pake.

"Ndimu umezijuaje?"

"Nilizifagia kwa mkono wangu! Nilijua ni za Miraji!" Sauti ilimpasuka Time. "Nimekufagilia ushahidi wako, mwanaharamu we!"

Huo ndio msemo wa mwisho wa heshima baina yao.

Wili spana ilishuka. Time alikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa ukalia. Kifundo chote kikapinda upande usio wake. Kabla hajapiga kelele chuma kilikuwa juu tena. Akajitupa pembeni, nacho kikatua kwenye ndoo ya oili, na oili ikamwagika sakafu nzima.

Mansukh aliteleza, akaanguka na goti moja. Time hakungoja kualikwa. Alimpiga teke la uso, pua ikafumuka damu. Akampiga la pili. La tatu Mansukh alilidaka, akavuta mguu, na Time akaenda chini kwa kisogo.

Waliviringishana kwenye oili, watu wawili waliopitisha miaka sitini. Time alimng'ata sikio, hakuachia mpaka kipande kikabaki mdomoni. Akakitema. Mansukh alilia kwa Kigujarati, akamnyanyua kwa ushungi na kumbwaga juu ya boneti ya Javelin, kisha akambana koo kwa mkono wote.

"Nyamaza! Nyamaza nikwambie!" Damu ilimdondoka puani ikamwingia Time machoni. "Lile lango la garaji lenu unadhani nilivunja? Kulivunjwa kitu pale? Muulize mdogo wako Jaffar nani alitufungulia!"

Time aliacha kupigana. Si kwa kukosa pumzi tu.

Jaffar. Jaffar mdogo wake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni Wete akimenya mihogo. Jaffar aliyemwacha leo saa nne asubuhi kwenye kiti pembeni ya kitanda cha Miraji, akamwambia, mdogo wangu, usimwondokee shemeji yako hata dakika moja.

"Jaffar alifungua," Mansukh alisema, mkono ukizidi kukaza, na sasa alikuwa analia waziwazi, huyo hapo, muuaji analia. "Mimi kazi yangu kuendesha tu. Nilimkuta Miraji ameshaanguka! Nikaweka ndimu, nikaogopa, nikaweka ndimu! Aliyempiga, shemeji, aliyempiga ni..."

Pap!

Mkono kooni ukalegea. Mansukh alisimama hivyohivyo, amekodoa macho, maji yanamtiririka usoni.

Nyuma yake alikuwa mkewe Shilpa, aliyeingia kimya kwa mlango wa nyuma. Mkononi ameshika mfuko wa kitambaa chekundu, na ndani ya mfuko mlikuwa na nazi, ile ya kuvunjwa mbele ya gari la Hina ili kuomba heri. Ilivunjika kwingine.

Mansukh akaporomoka. Maji ya nazi yakachanganyika na damu na oili. Shilpa aliuachia mfuko, akaokota wili spana sakafuni, akamshushia mumewe kichwani.

"Basi, Mama Hina!" Time alikohoa. "Basi, mwenzangu, inatosha!"

Shilpa alimpiga mara nyingine tena. Mguu mmoja wa Mansukh ukatikisika kidogo, kisha ukatulia.

"Ukimpiga mtu mara moja huamka," Shilpa alisema. Alikuwa anahema. "Pole, dada Time. Kwa mengi. Mkono umevunjika?"

"Mkono si kitu. Miraji! Jaffar yuko naye!"

"Basi twende. Ufunguo wa gari ninao."

Akautoa kifuani. Jamani, kuna watu wema duniani! Ndivyo Time alivyofikiri, nami simlaumu.

Time alikimbilia mlango wa kulia, akafungua, akajitupa kitini. Hamna usukani. Lahaula! Gari la Kimarekani, usukani uko kushoto, na yeye ndiye aliyevishona viti! Alijikokota kuvuka upande wa pili na mkono uliovunjika ukagonga gia. Alipiga ukelele ambao nadhani uliwafikia majirani wote. Shilpa akaingia kulia, wili spana bado ameishika, akabonyeza kidude na lango la garaji likapanda.

Mbele yao, pua kwa pua, gari jipya la Hina na mashada yake ya maua.

"Ngoja, nilirudishe nyuma, nilisogeze!" Shilpa alisema.

"Nani angoje?"

Time alizungusha ufunguo. Injini ya silinda nane ikanguruma hadi makopo ya rangi yakatetema kwenye rafu. Akakanyaga.

"Usiligonge! Taratibu! Rangi!" Shilpa alipiga yowe. "Rangi yake!"

Likagonga. Lile gari dogo lilirudi kinyumenyume, likazikanyaga ndimu zake, likavuka njia ya watembeaji na kujibamiza kwenye gari la jirani ng'ambo. Taa moja ya Javelin, taa iliyotafutwa miaka miwili, ilipasuka. Time aliisikia kama jino lake. Hakusimama.

"Simu ipo mkobani," alimwambia Shilpa. "Niwekee mapajani, uweke sauti ya nje. Mpigie Jaffar."

Shilpa alisita kidogo. Akapiga.

"Dada," Jaffar aliitikia, mpole kabisa.

"Uko wapi?"

"Hapahapa kwa shemeji. Ule mkono umeanza tena kazi yake."

Huo mkono nimewahi kuwaambia. Tangu siku ya tatu mkono wa kulia wa Miraji unafumba na kufumbua juu ya shuka, mithili ya fundi anayekaza nati. Daktari kasema ni mishipa tu, wasijipe matumaini.

"Jaffar, inuka. Toka humo chumbani."

"Kwa nini?"

"Toka nje, mdogo wangu. Nakuomba."

Kiti kikakwaruza sakafu upande wa pili wa simu.

"Dada," Jaffar alisema taratibu. "Umefika Harrow, siyo?"

Time alizidi kukanyaga mafuta.

"Leo asubuhi amefumbua macho," Jaffar aliendelea. "Akaniangalia. Wallahi dada, akaniangalia mie. Basi niache. Nimewaomba manesi watupishe, wametufungia pazia. Namsomea Yasini."

Simu ikakatwa.

Yasini! Jaffar aliyetoroka chuo cha Kurani akiwa na miaka tisa baada ya kumng'ata mwalimu! Jaffar ambaye miaka arubaini hajashika msahafu hata kuupangusa vumbi! Yasini gani anayoijua Jaffar?

"Piga wodini!" Time alilia. "Hiyo namba ya juu, piga!"

Walifika kwenye mzunguko. Time aliwasha taa ya kwenda kulia, njia ya mjini, Shilpa akamshika bega.

"Kushoto. Kulia hakupitiki, leo Wembley kuna mpira. Kushoto, kisha tunazunguka."

Time alikata kushoto. Nani ana nafasi ya kubishana?

"Wodi, habari ya mchana," sauti ikaitika. Ilikuwa ya Dinah, nesi wa Kikenya mwenye moyo wa dhahabu, anayewasalimia Kiswahili kila siku.

"Dinah, mwanangu, mie Time. Mke wa Miraji. Kimbia kitandani kwake!"

"Mama, ndugu yako ameomba faragha. Mambo ya dini hatuingilii, hiyo ndiyo sheria ya hapa, na mimi pia naona ni vizuri..."

"Hasomi! Anaua! Dinah, anamuua! Kimbia!"

Simu ya wodini haina waya. Dinah hakuiweka chini, alikimbia nayo mkononi, na Time akasikia yote. Viatu vikipiga sakafu. Mtu akiuliza kuna nini. Vile vipete vya pazia vikivutwa kwa nguvu, shaaa!

Kisha Dinah akapiga kelele.

Trei ikaanguka, vyuma vikatawanyika. Kitu kizito kikaporomoka. Kengele ya mashine ikaanza kulia, watu wakaitana, daktari, daktari, leteni taulo, bana hapo, bana kwa nguvu!

"Miraji!" Time alipiga usukani kwa mkono wake mzima. "Dinah! Miraji ni mzima? Niambie ni mzima!"

Simu ilikuwa imeangukia kitandani. Ilisikika pumzi tu, ya kukwaruza, karibu kabisa.

"Time."

Sauti hiyo ameishi nayo miaka thelathini na moja. Hajaisikia siku kumi.

"Mume wangu," alisema, na machozi yakamziba njia.

"Kanifunika mto," Miraji alisema. Kila neno lilikuja peke yake, kwa taabu. "Mkono... ukapata mkasi. Ule wa bendeji. Sikuona ninapochoma. Nisamehe."

"Jaffar?"

Nyuma ya Miraji Dinah alikuwa anasema, shingo, ni shingo, taulo halitoshi, damu haisimami.

Time alilia kwa sauti, akiendesha. Alimlilia mumewe aliyerudi, akamlilia na mtoto wa mama yake aliyekuwa akivuja sakafuni, na hakujua machozi yapi ni ya nani. Siku kumi ameomba Mungu kitu kimoja, Miraji aseme. Ndiye huyo anasema.

"Time, sikiliza. Uko wapi?"

"Nakuja. Niko na gari letu. Nimelipata kwa Mansukh. Aliyekupiga amekwisha kulipwa, mkewe kamuua mbele yangu, kaniokoa mie..."

"Nani kakuokoa?"

"Shilpa. Mama Hina. Yuko nami hapa, ndiye anayenionyesha njia."

Miraji alivuta pumzi ndefu ya maumivu.

"Mansukh hakunipiga," alisema. "Mansukh alikuwa anapanga ndimu, analia. Nilimwona nikiwa chini. Akawa anamwambia mkewe tusiliuze, Shilpa, tusimuuzie yule Mswisi. Mkewe ndiye... Time. Time, shuka garini."

Sauti ya nje. Kila neno lilisikika ndani ya Javelin, kiti cha kushoto na kiti cha kulia.

Time aliinua macho. Bango la barabarani lilimwonyesha Watford. Hospitali iko kusini, nao wanakwenda kaskazini, tena wako karibu kuingia barabara kuu ambamo mtu hasimami. Akakumbuka ufunguo uliotoka kifuani. Akakumbuka nani aliyelia rangi, rangi, wakati mume wa mwenzake anakufa. Akakumbuka, ukimpiga mtu mara moja huamka.

Shilpa alinyoosha mkono bila haraka, akaichukua simu mapajani mwa Time, akaizima. Wili spana aliilaza juu ya magoti yake, bado ina nywele za mumewe.

"Kata kushoto, dada Time," alisema. "Mswisi wangu anangoja gari lake. Na safari hii usilikwaruze."